Jinsi ya Kuandika Historia ya Chaneli ya Filamu Iliyofungwa: Mfano wa Movie Central ya Kanada

Ukianza kutafuta habari za chaneli iliyoitwa Superchannel, muda si mrefu utakuta umeshika tatu mkononi. Ya kwanza ilianza kurusha filamu nchini Kanada mwaka 1983. Ya pili ilizinduliwa Ulaya mwaka 1987, ikarushwa kwa setilaiti, kisha ikaingia mikononi mwa NBC ya Marekani. Ya tatu ilianza mwaka 2007, tena Kanada, tena jijini Edmonton, tena chini ya familia ileile iliyoanzisha ile ya kwanza, lakini kwa leseni nyingine kabisa. Wakati huo ile ya kwanza ilikuwa bado hewani, ila ilikwisha kubadili jina na kuitwa Movie Central. Mwandishi asiyelijua hilo ataandika kwamba Superchannel ilianza mwaka 1983 na ingali inaendelea, na sentensi yake itakuwa na kosa ambalo msomaji wa kawaida hawezi kuligundua.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuandika historia ya chaneli ya filamu ya kulipia ambayo haipo tena, iwe ni kwa makala ya kamusi elezo, tasnifu au filamu ya hali halisi. Nimeichagua Movie Central kuwa mfano kwa sababu miaka yake 33 imebeba karibu kila mtego unaoweza kukutana nao katika kazi hii.

Tenganisha nyuzi nne kabla ya kuandika chochote

Kile ambacho mtazamaji hukiita chaneli ni nyuzi nne zilizosokotwa pamoja: jina, leseni, mmiliki na haki za kuonyesha filamu. Kila uzi huweza kukatika peke yake huku mingine ikiendelea. Kwa hiyo chukua karatasi pana, au faili la jedwali kwenye kompyuta, uchore safu nne zenye majina hayo, na ushuke chini mwaka baada ya mwaka. Kila taarifa unayoipata iingize katika safu moja tu. Ukijikuta unataka kuiweka katika mbili, hiyo ni dalili kwamba chanzo chako kimechanganya mambo, nawe unapaswa kutafuta kingine kabla ya kuendelea.

Anza na leseni, ingawa ndiyo inayochosha zaidi kusoma. Nchini Kanada leseni za utangazaji hutolewa na CRTC, yaani tume inayosimamia redio, televisheni na mawasiliano ya simu, na maamuzi yake huchapishwa yakiwa na namba na mwaka. Tarehe 18 Machi 1982 tume hiyo ilitangaza leseni za kwanza za televisheni ya kulipia nchini humo. First Choice ilipewa leseni ya taifa zima. Superchannel ilipewa nafasi Alberta na Ontario, na hapa tayari jedwali lako linaanza kukulipa, kwa kuwa leseni ya Alberta na ile ya Ontario zilikuwa mbili tofauti zilizotumia jina moja. Chaneli nyingine zilipewa majimbo ya Atlantiki, sanaa za jukwaani, na lugha mbalimbali upande wa British Columbia.

Leseni hukueleza pia kile ambacho chaneli ililazimika kufanya. Chaneli hizi za Kanada zilitakiwa kutenga sehemu kubwa ya muda wake kwa vipindi vilivyotengenezwa Kanada kwenyewe, zikianzia na asilimia 30 na kutarajiwa kupanda hadi 50, kiwango ambacho baadaye kilishushwa. Mtu anayesoma tangazo la biashara la wakati ule atadhani chaneli iliuza filamu za Hollywood tu. Anayesoma leseni ataelewa kwa nini chaneli ileile ilikuwa pia ikigharamia watayarishaji wa Toronto na Vancouver, na kwa nini watayarishaji hao walikuwa mstari wa mbele kupiga kelele kila umiliki ulipobadilika.

Chora ramani

Televisheni ya kulipia huwa na mipaka, na mipaka hiyo huhama. First Choice na Superchannel zilianza kurusha matangazo siku moja, tarehe 1 Februari 1983, na katika Ontario na Alberta zikajikuta zinagombania wateja walewale kwa filamu zilezile. Studio za Marekani zilifaidi mnada huo. Chaneli zenyewe ziliumia: ada ya mwezi haikutosha kulipia filamu zilizopandishwa bei na wanunuzi wawili walioshindana sokoni. Chaneli ya sanaa, iliyoitwa C Channel, ilizimwa mwezi Juni mwaka uleule wa 1983, na ile ya Atlantiki nayo haikudumu.

Mwaka 1984 wapinzani wawili waliobaki wakagawana nchi. First Choice ilijiondoa magharibi, Superchannel ikaondoka Ontario, na mpaka kati ya Ontario na Manitoba ukawa ndio mpaka wa biashara yao. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka thelathini, mkazi wa Winnipeg upande wa magharibi na mkazi wa Toronto upande wa mashariki walitazama takriban filamu zilezile kupitia chaneli mbili zenye majina tofauti na wamiliki tofauti.

Ramani hiyo iandike waziwazi mwanzoni mwa makala yako. Nimesoma maelezo mengi ya chaneli hii ambayo yanaitaja kama chaneli ya Kanada bila kusema ni nusu ipi ya Kanada, na matokeo yake sura ya mwisho, yaani kufungwa kwake, haieleweki kabisa. Bila mpaka wa 1984 mtu hawezi kuelewa makubaliano ya 2015.

Hapa pia ndipo ninapokushauri uyatilie shaka magazeti. Mwanzoni mwa 1983 magazeti ya Kanada yalijaa mabishano juu ya mkataba wa First Choice na kampuni ya Playboy, inayojulikana kwa picha za utupu, na wanawake waliandamana katika miji mbalimbali kuupinga. Ni habari kubwa, na inafaa kutajwa. Hata hivyo, anayehesabu kurasa atashawishika kuamini kwamba ndiyo iliyoitikisa biashara, ilhali kilichoitikisa ni ushindani wa kununua filamu na uchache wa wateja, mambo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo katika kurasa za uchumi. Jarida la Cinema Canada, lililokuwa likichapishwa miaka hiyo, lilifuatilia upande wa fedha na uzalishaji kwa subira kuliko magazeti ya kila siku.

Fuata wamiliki, na uwe mwangalifu na tarehe

Superchannel ya Alberta ilikuwa mali ya Allarcom, kampuni ya Charles Allard, daktari wa upasuaji wa Edmonton aliyegeuka mfanyabiashara na ambaye mwaka 1974 alikwisha kuanzisha kituo cha televisheni cha CITV jijini humo. Mwaka 1991 Allarcom iliingia mikononi mwa WIC, kampuni ya utangazaji yenye makao Vancouver. Karibu na mwaka 2000 WIC ilivunjwavunjwa na kugawanywa, na chaneli za filamu zikaenda kwa Corus, kampuni iliyokuwa imetoka ubavuni mwa Shaw, kampuni ya kebo ya Kanada, mwaka 1999. Upande wa mashariki, First Choice ilishikwa na Astral ya Montréal kwa muda mrefu hadi Bell, kampuni kubwa ya simu ya Kanada, ilipoinunua Astral yenyewe.

Ununuzi huo wa Astral ni somo zuri la tarehe. Bell ilitangaza mpango wake mwezi Machi 2012. CRTC iliukataa mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mpango uliorekebishwa ukaidhinishwa mwezi Juni 2013 na kukamilika mwezi Julai. Katika vyanzo mbalimbali utakuta “Bell iliinunua Astral mwaka 2012” na “Bell iliinunua Astral mwaka 2013”, na kila mwandishi ana karatasi ya kumtetea. Dawa yake ni kuandika tarehe nne kwa kila tukio la umiliki: siku ya kutangazwa, siku ya uamuzi wa mdhibiti, siku ya kukamilika, na siku ambayo mtazamaji aliona badiliko kwenye skrini. Katika makala yenyewe utatumia moja au mbili tu, lakini katika jedwali ziwepo zote, na pale ambapo moja haipatikani acha nafasi wazi badala ya kukisia.

Mtego mwingine upo katika ripoti za mwaka za makampuni. Mwaka wa fedha wa Corus huisha tarehe 31 Agosti, kwa hiyo “mwaka wa 2016” katika vitabu vyake huanza Septemba 2015. Takwimu ya wateja iliyoandikwa chini ya mwaka mmoja inaweza kuwa ya mwaka uliotangulia kwa kalenda ya kawaida. Tena kumbuka kwamba wateja wanaohesabiwa katika televisheni ya kulipia kwa kawaida ni kaya zinazolipa ada. Usiwageuze kuwa idadi ya watu wanaotazama, na usizilinganishe na takwimu za chaneli ya bure, kwa maana hizo hupima jambo jingine.

Elewa kubadilishwa kwa jina

Mwaka 1993 First Choice ilianza kuitwa The Movie Network. Mwaka 2001 Corus nayo ikaifuta Superchannel na kuweka Movie Central. Katika hali zote mbili leseni haikubadilika, mpaka haukuhama, na mteja hakuhitaji kujiandikisha upya. Kwa hiyo usiandike kwamba chaneli moja ilifungwa na nyingine ikazinduliwa. Andika kwamba chaneli ilibadilishwa jina, kisha ueleze jina jipya lilikuwa likisema nini.

Majina yenyewe yana mengi ya kusema. “First Choice” na “Superchannel” ni majina ya enzi ambayo televisheni ya kulipia ilijiuza kama kitu kipya na cha fahari, bila haja ya kueleza ndani yake mna nini. Majina yaliyofuata yote mawili yana neno linalomaanisha filamu, na kwa maoni yangu hilo si bahati mbaya: kufikia miaka ya 1990 orodha ya chaneli za kebo ilikuwa imerefuka, na mteja alihitaji kujua kwa kutazama jina tu kwamba hapa ananunua filamu. Kinachochekesha ni kwamba muda mfupi baada ya Movie Central kujipa jina hilo, kilichovuta wateja kilianza kuwa tamthilia za mfululizo. Jina lilikuja wakati maana yake inaanza kupungua.

Unapochunguza badiliko la jina, tafuta ushahidi wa skrini. Kanda za VHS ambazo watu walirekodi nyumbani huhifadhi vipande vya utambulisho wa chaneli vilivyorushwa kati ya filamu na filamu, na kipande cha sekunde kumi kinaweza kukuonyesha nembo, sauti ya mtangazaji na hata jina la mmiliki. Ratiba za televisheni zilizochapishwa magazetini huonyesha wiki ambayo jina la zamani liliacha kutumika. Kwa miaka ya 2000 na kuendelea, nakala za zamani za tovuti ya chaneli zilizotunzwa kwenye hifadhi ya intaneti zitakusaidia zaidi ya taarifa za vyombo vya habari, kwa sababu taarifa hizo huandikwa kabla ya tukio na wakati mwingine tukio huahirishwa.

Jina lililoachwa pia ni mali. Lilipotupwa na Corus mwaka 2001, lilikuja kuchukuliwa na Allarco, kampuni ya familia ya Allard, ambayo ilipata leseni mwaka 2006 na kuzindua Super Channel mwaka 2007, safari hii likiandikwa kwa maneno mawili. Kufikia mwaka 2009 kampuni hiyo ilikuwa imeomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, ingawa chaneli ilinusurika. Weka historia hiyo katika jedwali lake lenyewe. Ndani ya makala ya Movie Central inatosha aya moja fupi ya kumwonya msomaji.

Uliza nani alikuwa na filamu

Huu ndio uzi ambao waandishi wengi huuruka, nao ndio ulioamua mwisho. Chaneli ya filamu ya kulipia haimiliki filamu inazoonyesha. Inanunua haki ya kuzionyesha katika eneo fulani, kwa kipindi fulani, mara nyingi baada ya filamu kutoka sinema na kuuzwa kwa diski, na kabla haijafika kwenye televisheni ya bure. Mkataba ukiisha, chaneli inabaki na leseni, wafanyakazi na nembo, lakini haina cha kuonyesha.

Kwa kuwa The Movie Network na Movie Central zilikuwa na maeneo yasiyoingiliana, zilishirikiana badala ya kugombana. Mara nyingi zilitumia mikataba inayolingana na studio zilezile, na ziligharamia kwa pamoja tamthilia za Kanada, ReGenesis ikiwa mojawapo. Tarehe 30 Oktoba 2008 zilizindua kwa pamoja HBO Canada, iliyokuwa ikirushwa mashariki na mwenye The Movie Network na magharibi na mwenye Movie Central. Iandike HBO Canada kwa uangalifu: kwa jina ilikuwa chaneli moja, lakini kwa leseni na umiliki ilikuwa sehemu ya huduma mbili.

Kuanzia siku hiyo thamani ya huduma zote mbili ilielemea kwa mgavi mmoja wa Marekani, yaani chaneli ya kulipia ya HBO, na anayetaka kujua kwa nini Movie Central ilifungwa aanzie hapo kabla hajaitazama Netflix. Netflix nayo ina sehemu yake, bila shaka. Iliingia Kanada mwezi Septemba 2010, nchi ya kwanza nje ya Marekani, na ikawazoesha watu kulipa ada ndogo kwa filamu nyingi. Makampuni ya Kanada yalijibu mwishoni mwa 2014 kwa huduma zao za mtandaoni, Bell ikiwa na CraveTV, na Rogers na Shaw wakiwa na shomi, ambayo haikumaliza mwaka 2016. Lakini shinikizo la Netflix lilizipata chaneli zote mbili kwa pamoja, na moja tu ndiyo iliyofungwa. Maelezo yanayofaa kwa zote mbili hayawezi kueleza tofauti kati yao.

Andika kufungwa kama lilivyotokea

Mambo mawili yalikutana mwaka 2015. Mwezi Machi CRTC iliondoa ulinzi uliokuwa ukizizuia chaneli kuingia katika aina ya vipindi vya chaneli nyingine, na hivyo ukuta uliodumu tangu 1984 ukapoteza nguzo yake ya kisheria. Kisha, tarehe 19 Novemba, Bell ilitangaza makubaliano mapya na HBO kwa nchi nzima, na siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba Corus ingepokea dola milioni 211 za Kanada na kujiondoa katika televisheni ya kulipia. Tarehe 1 Machi 2016 Movie Central ilizimwa, pamoja na chaneli yake dada ya filamu za zamani, na The Movie Network ikawa ya taifa zima kwa mara ya kwanza tangu ugawaji wa miaka ya themanini.

Soma tena maneno ya makubaliano hayo kabla ya kuandika kwamba Bell iliinunua Movie Central. Corus ilikubali kuizima chaneli yake ili Bell iieneze ya kwake upande wa magharibi. Bell ilichokilipia ni nafasi, yaani eneo na kaya zilizokuwa zikilipa ndani yake. Nembo ya Movie Central haikuhitajika na yeyote. Kwa upande wa Corus, angalia fedha zilielekea wapi: mwezi Januari 2016 kampuni hiyo ilitangaza mpango wa kuinunua Shaw Media kwa dola bilioni 2.65, kwa hiyo kilichoonekana Edmonton kama kufungwa, katika vitabu vya kampuni kilikuwa ni kubadilisha mtaji kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Katika sura hii mtafute pia mtazamaji. Mteja wa Calgary aliyekuwa akilipia Movie Central aliendelea kupata HBO Canada baada ya tarehe ile, na filamu mpya za studio ziliendelea kumfikia kwa jina jingine. Kwake yeye, tukio la 2016 lilifanana sana na lile la 2001. Lakini mwaka 2001 lilibadilika jina peke yake, na mwaka 2016 vilikatika leseni, mmiliki na jina kwa pamoja, huku haki za filamu tu zikiendelea. Mwandishi anayetegemea kumbukumbu za watazamaji pekee atayaeleza matukio hayo mawili kwa maneno yaleyale. Jedwali lako litakukataza kufanya hivyo.

Amua mahali pa kuishia

Makala ya chaneli iliyofungwa huwa na kishawishi cha kuendelea na maisha ya mrithi. Jiwekee mpaka. Mimi ningeandika kwamba The Movie Network ilibadilishwa kuwa Crave tarehe 1 Novemba 2018, ikiunganishwa na huduma ya mtandaoni ya jina hilo, na kwamba chaneli yake dada, TMN Encore, ikawa Starz mwezi Machi 2019, kisha nikaiacha habari hiyo hapo, kwa sababu hayo ni mabadiliko ya jina katika mstari wa First Choice na hayaihusu tena leseni iliyotolewa Alberta mwaka 1982.

Kabla ya kuchapisha, pitia maandishi yako ukiwa na kalamu na uzungushie duara kila neno “ilianzishwa”, “ilinunuliwa”, “ilibadilishwa” na “ilifungwa”. Kando ya kila duara andika ni uzi upi kati ya ile minne unaozungumziwa. Pale utakaposhindwa kuujaza, rudi kwenye maamuzi ya tume, na uisome aya ya kwanza ya uamuzi husika, ambayo hutaja mwenye leseni kwa jina lake la kisheria na si kwa lile lililoonekana kwenye skrini.